Jibu: New Zealand kuondoka Pakistan 2021, mbona Pakistan haikupewa pointi?

Umeuliza kwa nini Pakistan haikupewa ushindi wa mezani timu ya kriketi ya New Zealand ilipoondoka bila kucheza. Kwa sababu hapakuwa na pointi za kugawa. Zile mechi tatu za ova 50 (ova moja ni mipira sita) za Rawalpindi zilipangwa ziwe za ligi ya kufuzu Kombe la Dunia, ila zikaondolewa humo kabla ya kuanza: mitambo ya kupitia upya maamuzi ya mwamuzi haikupatikana. Zikabaki mechi za timu hizo mbili tu, nje ya mashindano yoyote yenye pointi, pamoja na tano za ova 20 za Lahore.

Tarehe 17 Septemba wachezaji hawakutoka hata hotelini. Serikali ya New Zealand ilitoa tahadhari ya usalama, ziara ikafutwa siku ya mechi ya kwanza, na kesho yake New Zealand wakaruka kwenda Dubai. Siku chache baadaye Uingereza nayo ikajitoa.

Linganisha na Nairobi 2003. New Zealand hao hao waligoma kuja, lakini lile lilikuwa Kombe la Dunia, kwa hiyo Kenya ikapewa pointi 4 bila kurusha mpira. (Wanaosema ndizo pekee zilizotufikisha nusu fainali wanasahau kwamba Sri Lanka tuliwapiga uwanjani.)

Pakistan walilipwa deni lao kwa mechi: New Zealand walirudi Desemba 2022, kisha tena Aprili 2023 kwa mechi 10.