Kwa nini sitaki tuibomoe nyumba ya bibi yako

Temeke, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata, na mama yako ameusoma pia. Unauliza kwa nini nakataa nyumba ya bibi yako kule Kimbiji, Kigamboni, kubomolewa, wakati pesa ya matofali mmeshachanga na ukuta wa upande wa baharini unamomonyoka. Una haki ya kuuliza.

Babu yako aliijenga kabla ya Uhuru. Boriti zilikuja kwa jahazi kutoka delta ya Rufiji. Ni mikoko, mti ambao mchwa huushindwa. Nguzo zikasimikwa, fito zikafungwa ndani na nje, katikati pakashindiliwa udongo mwekundu na vipande vya mawe ya matumbawe. Siku ya kukandika walikuja majirani: wanawake wakateka maji, vijana wakakanyaga udongo, bibi yako akawapikia wali wa nazi. Hakulipwa mtu. Wenzake walipojenga, babu yako naye alikwenda.

Umeandika kwamba korido inapoteza nafasi bure. Hapana, mwanangu. Korido ile ndiyo njia ya upepo. Mlango wa mbele unatazama bahari, basi kaskazi ikivuma huingia, na kusi nayo huingia, ikapita katikati ya vyumba na kutokea uani. Juu ya kuta uliachwa uwazi chini ya paa ili joto litoke. Mimi hapa Temeke nalala kwenye nyumba ya tofali, na mchana wa Februari chumbani hakukaliki. Kwa bibi yako mchana huohuo watu wanalala usingizi.

Baraza nalo si la kukalia tu. Linaukinga mguu wa ukuta, na upenu mrefu wa makuti ulikuwa unaukinga ukuta wenyewe, kwa sababu udongo adui yake ni maji.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Makuti yalipoondolewa, fundi aliezeka bati kwa upenu mfupi ili kubana gharama. Masika ikaanza kuupiga ukuta moja kwa moja. Ulipochubuka, ukapigwa plasta ya saruji. Saruji ni ngumu na haipumui, udongo ulio nyuma yake hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka. Plasta ikapasuka, maji yakaingia kwenye nyufa na yasipate pa kutokea. Unachokiona kikianguka ni plasta inayobanduka na udongo wake. Upande wa uani, ambako haikupigwa saruji, ukuta ni mzima mpaka leo. Nenda ukaupapase.

Kwa hiyo naomba tufanye hivi. Masika ikiisha, plasta yote ibanduliwe, ukuta uachwe ukauke sawasawa, kisha ukandikwe upya na kupakwa chokaa. Bati libaki, maana makuti hutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache na wasukaji wamepungua, ila upenu urefushwe. Nguzo mbili za pembeni zimeoza chini. Mikoko sasa inalindwa, kuikata kunataka kibali, basi tutafute mti mwingine mgumu. Matofali mliyopanga kununua yajenge choo na jiko uani. Huko yatafaa sana, na bibi yako ataacha kwenda mbali usiku.

Tangu daraja la Kigamboni lifunguliwe mwaka 2016, viwanja vinatafutwa mpaka kusini huko, na nyumba za namna hii zinaangushwa kila mara. Naumia nikiziona. Watu waliojua kuzijenga wengi wametangulia mbele ya haki. Baba yako mdogo amempata fundi mmoja mzee ambaye bado ana nguvu, na amekubali kufanya kazi pamoja na vijana wawili wa pale ili nao wajifunze.

Zungumza na wadogo zako, kisha unijulishe kabla ya mwisho wa mwezi. Mkikubali, nitamwambia baba yako mdogo aanze kukusanya udongo.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako