Raba haina kutu: spidomita iliyoganda kwenye Triumph ya zamani

SWALI: Shikamoo fundi. Nimerithi pikipiki ya Triumph Thunderbird ya 1958 kutoka kwa marehemu babu. Imekaa bandani hapa Tanga zaidi ya miaka ishirini. Nataka kutoa spidomita ili nipake rangi kava la taa. Taa ya mbele nimeshaitoa, nati mbili za nyuma ya mita nimezifungua, kebo nayo nimeichomoa, lakini mita haitikisiki. Fundi wa mtaani ameipulizia dawa ya kutu siku tatu mfululizo, sasa anataka kuigonga kwa chini itoke juu. Nimruhusu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimruhusu. Na hilo kopo la dawa mnyang'anye kabla ya nyundo, maana mpaka sasa ndilo lililokuletea hasara kubwa zaidi.

Swali hili naletewa kila mara, pikipiki tofauti, kopo lilelile. Kitu kikigoma kutoka, mtu anaona kutu, na akiona kutu anapuliza. Hakuna anayejiuliza kwanza: hapa kilichoshika ni nini?

Kwenye kava la taa la Triumph yako spidomita inaingia kwa juu na kukalia ukingo wake. Kati ya ukingo huo na bati la kava kuna pete ya raba. Chini inabanwa na kile kipande cha chuma chenye nati mbili ulizofungua. Sasa raba ile imekaa hapo tangu babu yako yuko kijana, au tangu mtu wa mwisho alipoibadilisha. Jua limeikausha, hewa ya bahari imeitafuna, imegeuka ngumu kama kwato na kugandana na rangi ya kava. Hiyo ndiyo iliyoshika mita yako. Chuma kwa chuma hakigusani pale, kwa hiyo kutu, hata kama ipo kidogo, siyo mwenye kesi.

Dawa ya kutu inafanya kazi kwa kupenya kati ya chuma na chuma. Ikikutana na raba ya zamani haiilegezi, inaivimbisha. Dizeli ni hivyohivyo, mafuta ya taa ni hivyohivyo, na petroli ni mbaya zaidi. Kama huniamini, kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kitumbukize kwenye petroli usiku kucha, asubuhi kipime na kipande ambacho hakikulowekwa. Fundi wako ametumia siku tatu kunenepesha kile alichotaka kukilegeza, halafu anashangaa hakitoki.

Hilo ni nusu ya balaa. Nusu nyingine ni kwamba mafuta hayakai yalipopulizwa. Spidomita ya kampuni ya Smiths iliyomo kwenye Thunderbird ya miaka hiyo, ile wanayoiita Chronometric, ndani yake ni saa. Ina gurudumu linalocheza kama la saa ya mkononi, linalokata muda vipande vidogo, kila kipande chini ya sekunde moja, na mita inahesabu kebo imezunguka kiasi gani ndani ya kipande hicho. Ndiyo maana mshale wake haupandi taratibu, unaruka kwa vituo. Vijana wengi wakiuona hivyo wanadhani mita ni mbovu, wanaipuliza nayo!

Niliwahi kufungua moja iliyokuwa imefanyiwa hivyo. Meno ya magurudumu hayakuonekana. Kulikuwa na utope mweusi wa mafuta na vumbi, mzito kama halua iliyoungua, na mshale umeganda kwenye 30. Namba 60 na 70 zilikuwa zimejikunja na kubanduka kwenye uso. Mwenyewe akanionyesha kwa fahari kopo tupu alilotumia.

Basi yako tuifanye hivi. Futa mafuta yote unayoyaona kwa kitambaa kikavu, kisha iache siku kadhaa penye hewa ili raba ipungue. Usivute wala kugonga kitu. Kama umeshaweka betri mpya, ichomoe, kwa sababu amita, ile mita ya umeme wa betri, iko hapohapo jirani na pikipiki hiyo haina fyuzi ya kukuokoa. Kumbuka pia kwamba ethi yake, yaani upande wa betri unaofungwa kwenye bodi, ni chanya, siyo hasi kama ulivyozoea kwenye bodaboda.

Wakati unasubiri, chungulia tena kwa chini na tochi. Kile kipande cha kubana kimeshuka kweli, au nati zimetoka na chenyewe bado kimeng'ang'ania mgongo wa mita? Kishike kwa vidole ukitikise mpaka kishuke. Kishikizo cha balbu kimetoka? Na kama mita yako ina kile kifundo cha kurudisha kilomita za safari kwenye sifuri (samahani, maili, hii ni ya Kiingereza), shina lake linashuka chini ya kava. Lisipofunguliwa litaizuia mita kama mkia wa ng'ombe mlangoni. Nimeona watu wawili wakivuta mita huku kifundo kimefungwa.

Raba ikishatulia, ipashe moto kwa drier ya saluni, ukizunguka ukingo wote, mpaka bati liwe la moto wa kushikika. Moto wa gesi hapana. Kisha tafuta mshipi mwembamba wa kuvulia, ambao Tanga haukosi. Upenyeze chini ya ukingo wa mita, shika ncha mbili, uvute huku na huku ukizunguka taratibu, kama mama anavyokata sabuni ya mche kwa uzi. Ukikatika weka mwingine. Pakaa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo kwa brashi ndogo ili mshipi uteleze, matone tu, usimwage. Utasikia mahali panaachia, sauti ndogo kama ya gundi inayobanduka.

Hapo ndipo unapoingiza mkono kwa chini na kusukuma kwa vidole gumba viwili, pembeni mwa mgongo wa mita, upande huu kidogo na upande ule kidogo. Usisukume pale katikati kebo inapoingilia. Nyuma ya hapo ndipo ilipo ekseli inayoendesha ile saa, na ndipo nyundo ya fundi wako ingetua. Usiinue kwa bisibisi chini ya ukingo pia; utabonyeza pete ya kromu, utachubua kava, na mita itabaki palepale.

Tena usijaribu kuizungusha kwa kushika pete ya kioo. Pete hiyo kwenye Chronometric imefungwa kwa nyuzi kama kifuniko cha chupa, kwa hiyo utadhani mita inaachia kumbe unafungua kioo. Nikifika hapo huwa naomba watu waache tamaa ya kuchungulia ndani. Mita ya zamani yoyote, ya pikipiki, ya gari au ya ndege, ambayo namba zake zilipakwa rangi ya kung'aa gizani, huenda rangi hiyo ina radiamu, madini yenye mionzi ya hatari. Hiyo haikwanguliwi wala kupulizwa vumbi lake.

Na kwa kuwa tumeanza kusemana kuhusu mafuta, ninyi mnaomwagia oili ya injini ndani ya kebo ya spidi ndiyo mnaonilisha mimi. Waya wa ndani ya kebo umesokotwa kama parafujo. Unapozunguka unapandisha oili mpaka juu, tone baada ya tone, moja kwa moja ndani ya mita. Kebo hupakwa grisi nyepesi kidogo tu, na kipande cha juu cha urefu wa kiganja kinaachwa kikavu. Hilo haliko kwa Triumph peke yake. Bodaboda yenye mita ya kebo iliyopita mlangoni kwako asubuhi inafuata sheria hiyohiyo, na ukiona ndani ya kioo chake kuna ukungu wa manjano, ujue mwenye oili alishapita.

Mita ikitoka, raba ya zamani itupe hata kama inaonekana nzima, ununue mpya. Zile nati mbili zitie kwenye kikopo chenye kifuniko na uandike juu yake. Rudisha hizohizo; duka la spea za bodaboda wanaweza kukupa nati inayofanana nazo kwa macho lakini nyuzi zake si sawa, ukailazimisha ikaharibu nyuzi za mita.