Kutafsiri mahojiano ya magonjwa ya akili: niliyoyaona Uturuki

Mkuu, umeuliza: mahojiano ya kupima magonjwa ya akili yakishatafsiriwa, tafsiri ikarudishwa Kiingereza na ikalingana, kazi si imekwisha? Haijaisha.

Nilisoma Uturuki kwa ufadhili (mwaka wa kwanza mzima ni lugha tu), kisha nikawa msaidizi wa utafiti kwenye wodi moja ya magonjwa ya akili. Niliingiza fomu kwenye kompyuta na kukaa kwenye vikao vya madaktari kulinganisha alama. Wenzetu wana uzoefu: K-SADS-PL, mahojiano ya watoto na vijana, yalichapishwa kwa Kituruki 2004, na SCID-5 ya watu wazima 2019.

Kilichonifungua macho ni silabi moja. Mama mmoja mtu mzima, daktari akimwita teyze kama sisi tunavyosema mama mdogo, aliulizwa kama kuna watu wanaomsema au kumfuatilia. Akajibu: Komşular benim hakkımda konuşuyormuş. Hiyo -muş ya mwisho Mturuki huitia kwenye jambo ambalo hakulishuhudia. Amelisikia au amelikisia. Inakaribiana na "eti" yetu: eti majirani wananisema. Daktari wa kwanza akaweka alama ya dalili kamili, yaani imani isiyo na msingi kwamba watu wanamwandama. Wa pili akaandika haipo, kwa maelezo kwamba mama kaletewa umbea tu. Chumba kimoja, sentensi moja! Kwa bahati ilikuwa hatua ya majaribio, wakaruhusiwa kumrudia: nani kakuambia? Akasema hakuambiwa na mtu, anajua tu. Swali hilo la "nani kakuambia" likaongezwa kwenye mwongozo wa mhojaji. Kwenye tafsiri yenyewe hapakuwa na kosa hata moja.

Neno jingine ni vesvese. Ni ndugu wa wasiwasi wetu, yote asili yake Kiarabu, lakini njia zimeachana. Vesvese hasa ni ile shaka inayomrudisha mtu bombani mara ya tano kwa kuwa haamini udhu wake umetimia. Kwetu maana hiyo bado ipo kwenye mambo ya ibada, ila mtaani wasiwasi ni hofu yoyote, hata ya mtoto kuchelewa kutoka shule. Ukiandika "una wasiwasi?" karibu kila mzazi atajibu ndiyo. Na tafsiri ya kurudisha inaweza isikuonyeshe tatizo, maana mfasiri aliyesoma saikolojia analijua neno la Kiingereza linalotakiwa na atalirudisha hilo hilo.

Kuhusu kappa, namba inayotumika kulinganisha alama za madaktari kama hao: inapima makubaliano ya wapimaji wawili baada ya kuondoa yale ambayo yangetokea kwa kubahatisha. Chukua wagonjwa 50. Wote wawili wanasema ndiyo kwa 18, hapana kwa 24, wanapishana kwa 8, nusu kwa nusu. Makubaliano ni asilimia 84, kappa 0.68. Sasa chukua ugonjwa adimu: ndiyo 2, hapana 46, wanapishana kwa 2, mmoja kila upande. Makubaliano asilimia 96, lakini kappa inashuka hadi 0.65. Kwa hiyo ukipata kappa ndogo kwenye ugonjwa adimu, usikimbilie kulaumu tafsiri. Hesabu kwanza una wagonjwa wangapi wenye ugonjwa huo.

Na tafadhali usimkalishe mpimaji wa pili pembeni asikilize tu halafu uishie hapo. Mahojiano haya yana maswali ya mlangoni: mgonjwa akijibu hapana, sehemu nzima inarukwa. Anayesikiliza akiona mwenzake amefunua kurasa tatu mbele, ameshajua ameamua nini. Kappa itakuwa nzuri mno. Ukiweza, mpimaji wa pili amhoji mgonjwa mwenyewe baada ya siku chache, bila kuona fomu ya kwanza. Ni ghali, na wengine watakuwa wameruhusiwa kwenda nyumbani, ila hapo ndipo maswali yako yanapopimwa kweli.

Kabla ya yote hayo, chukua sehemu ya sonona peke yake, wasomee wagonjwa watano au sita swali moja moja, na umwombe kila mmoja akwambie kwa maneno yake umemuuliza nini. Rekodi majibu yao neno kwa neno, hata yale unayoona hayahusiani.