Klachi ya Land Rover 109: usifungue kitu kabla hujachungulia tundu la chini

Ukitoka Mto wa Mbu kupanda kwenda Karatu, ule mlima hauna siri na gari. Langu ni Land Rover 109 Series III ya mwaka 1978, injini ya petroli ya lita 2.25, niliyoachiwa na marehemu baba mkubwa. Kwenye kona ya tatu injini ikaanza kulia kwa nguvu huku gari linatambaa tu, na harufu ikaingia ndani kama mtu anachoma kamba za katani. Klachi inateleza. Kilichoniuma ni kwamba klachi yenyewe ilikuwa na miezi saba tu tangu ibadilishwe gereji.

Safari hii nikaamua kuifanya mwenyewe uani, nikisaidiwa na mzee mmoja jirani ambaye ujana wake wote ulipita chini ya Land Rover. Alipofika hakugusa spana. Alilala chali, akapapasa chini kabisa ya nyumba ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini, ambalo klachi hushikana nalo), kisha akaniita: "Kijana, hiki kizibo nani kakifunga?"

Ikiwa una gari la aina hii, elewa jambo hili kabla ya mengine yote. Chini ya nyumba ya flaiwili kuna tundu lenye nyuzi za skrubu, na kizibo chake. Kizibo hufungwa pale tu unapokwenda kuvuka mto wenye kina, maji yasiingie kwenye klachi. Ukishavuka, unakitoa. Siku zote tundu linatakiwa kuwa wazi ili oili inayovuja ndani ipate pa kutokea. Kwangu kizibo kilikuwa kimekazwa, pengine na mtu aliyedhani anaziba uvujaji. Mzee alipokilegeza, oili nyeusi ilimwagika ikajaza nusu kikombe. Pleti mpya ya klachi ilikuwa inaogeshwa oili kwa miezi saba.

Oili hiyo ichezee vidoleni kabla hujaifuta. Ikiwa nyepesi na nyeusi ni ya injini, maana yake sili (kizuizi cha oili) ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini, imechoka. Ikiwa nzito na inanuka kama yai viza ni EP90, oili ya gia, ya giaboksi. Ukibadilisha pleti bila kujua oili inatoka wapi, utairudia kazi hii yote, na kazi yenyewe si ya kurudiarudia.

Kwenye Series giaboksi huipati kwa chini. Unaingia kwa juu, ndani ya gari: viti, sakafu, kifuniko cha giaboksi, halafu lile sanduku zima la viti. Bolti zake zimeshikana kutu na bodi ya alumini, kwa hiyo zinyunyizie mafuta ya kulainisha siku mbili kabla. Mimi nilivunja tano. Spana ziwe za inchi. Ukilazimisha za milimita utaviringisha vichwa vya nati za propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu), na hapo utalia.

Sasa makosa yangu. Nilifungua propela ya mbele na ya nyuma, nikavuta hendibreki vizuri, nikatoka chini kunywa maji. Gari likanifuata. Hendibreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu, inashika drumu iliyo nyuma ya giaboksi, na ukishatoa propela ile drumu haina uhusiano wowote na gurudumu. Hata ungeliacha kwenye gia, ni hivyo hivyo. Lilishuka taratibu mpaka kwenye simtanki la maji, likasimama kwa kuliegemea. Mzee hakucheka. Aliuliza tu, "Mawe umeyaacha ya kujengea?" Tangu hapo jiwe linatangulia spana.

Giaboksi pamoja na transfa (giaboksi ndogo ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma) inazidi kilo 100, lakini kwa klachi peke yake hulazimiki kuitoa nje. Tuliizungushia mkanda, tukaining'iniza kwenye bomba nene lililopita mlango hadi mlango, tukaweka jeki na ubao chini ya nyuma ya injini, kisha tukaivuta nyuma kama inchi tano. Inatosha mikono kuingia. Usisahau kwanza kutoa kebo ya spidi na silinda ya chini ya klachi.

Pleti iliyolowa oili usiioshe kwa petroli ukadhani imepona. Itupe. Ukienda dukani beba ya zamani mkononi, maana Series III hutumia ya inchi 9.5 na za zamani zaidi inchi 9, na magari yetu yamebadilishwa vifaa mara nyingi kiasi kwamba kadi ya gari haisemi kitu. Nunua pleti, presha pleti (ile inayoibana pleti kwenye flaiwili) na beringi ya klachi kwa pamoja. Sili ya krenki inadai ufungue flaiwili na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Hapo nilimwachia mzee, ikala siku nzima.

Ila kuna kitu kidogo cha shaba ambacho mafundi wengi hukiruka: bushi iliyo katikati ya krenki, inapokaa ncha ya shafti ya giaboksi. Ikilika, gia zinagoma kuingia na utailaumu klachi. Kuitoa ni shida kwa sababu haina pa kushika. Nilijaza grisi, nikaingiza chuma, nikapiga nyundo. Grisi ikanirukia usoni kwa sababu chuma kilipwaya. Mzee akaomba sabuni ya mche. Akaikata vipande, akavishindilia ndani ya tundu, akatafuta chuma kinachobana sawasawa, akapiga. Akaongeza sabuni, akapiga tena. Mara ya nne bushi ikaanza kutoka yenyewe, inasukumwa na sabuni kutoka nyuma, polepole kama jino. Bushi mpya iloweke kwenye oili usiku kucha kabla ya kuigonga ndani.

Pleti ina upande. Imeandikwa ipi itazame flaiwili, nawe soma. Ili ikae katikati, seremala alinikerezea kijiti cha mninga kinachoingia kwenye bushi na kwenye meno ya pleti. Kaza bolti za presha pleti kwa kukatisha, kidogo kidogo, halafu chomoa kijiti.

Kurudisha giaboksi ndiko kunakovunja watu moyo. Ikibaki kanafasi ka kidole, usiivute kwa kukaza nati. Uzito wote utaning'inia kwenye pleti, utaipinda. Weka gia ya nne, transfa iwe kwenye "hai" (gia ya kasi), mtu mmoja azungushe drumu ya hendibreki taratibu huku mwingine anasukuma, na jeki ipande au ishuke mpaka injini na giaboksi zilingane. Yetu iligoma saa nzima, kisha ikaingia kwa mlio mmoja laini, tukatazamana.

Baada ya hapo ni kutoa upepo kwenye klachi. Mwanangu alikaa kwenye pedali, mimi chini: kanyaga, shikilia, achia. Nikajaza EP90, lita 1.5 kwenye giaboksi na 2.5 kwenye transfa.

Jumamosi iliyofuata nilipanda tena Karatu na magunia sita ya mbegu. Nilipofika nililala chali kwenye vumbi nikaingiza kidole tunduni. Kikavu. Kizibo kiko kwenye kisanduku cha spana, nimekifunga waya mwekundu.