Tulianza na nyumba, tulipaswa kuanza na shule

Swali lenu la wiki hii linauliza hivi: mtu aliyehamishiwa kikazi katika mji asioujua, naye ana watoto wa shule, achague vipi mtaa ambamo familia yake itaishi vizuri na majirani wa kila namna? Najibu kama mtumishi wa umma aliyehamia Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2017, akiwa na mke na watoto watatu, na ambaye mara ya kwanza alichagua vibaya.

Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, ukaenda mwendo wa kobe kwa zaidi ya miaka arobaini, kisha mwaka 2016 ukaamshwa na Rais John Magufuli, nasi tukajikuta tunafungasha vyombo. Mji uliotupokea haukuwa umejiandaa kutupokea wote kwa mara moja. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu takriban 411,000 katika eneo ambalo leo ni Jiji la Dodoma, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Anayetafuta nyumba katika mji unaokua kwa kasi hiyo hushikwa na haraka, na haraka ndiyo iliyotuponza.

Tuliyafanya mahesabu yetu tukianzia ofisini. Wakati ule wizara kadhaa zilikuwa zimepewa hifadhi katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, nami nikapanga nyumba upande huohuo ili nifike kazini kwa dakika kumi. Dalali alichukua kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake, mwenye nyumba akataka ya miezi sita kwa mkupuo, na tukahamia katika nyumba ya vigae yenye ukuta mrefu na geti jeusi. Majirani zetu wote walikuwa na kuta na mageti ya namna hiyohiyo, na nusu ya nyumba zilikuwa bado hazijaisha kujengwa. Ukipita saa kumi jioni hukumkuta mtoto hata mmoja nje. Shule ya msingi ilikuwa mbali, ng'ambo ya barabara inayopitisha malori, kwa hiyo watoto wakaandikishwa katika shule ya binafsi iliyowachukua kwa basi saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuwarudisha wamechoka, wakila chakula cha jioni huku wanasinzia. Kisha, mwezi Aprili 2019, wizara zikahamishiwa Mji wa Serikali Mtumba, yapata kilometa 17 kutoka katikati ya jiji kwa barabara iendayo Dar es Salaam, na ile faida moja ya nyumba yetu ikapotea. Ofisi ndiyo iliyohama. Shule zilibaki palepale zilipokuwa.

Mara ya pili tulianza na shule, na nyumba tukaitafuta baadaye. Tulikubaliana mimi na mke wangu kwamba mtoto aende shuleni kwa miguu bila kuvuka barabara kuu, na kwamba mtaa ambao hauna shule ya namna hiyo hatutauangalia, hata nyumba iwe nzuri kiasi gani. Sharti hilo peke yake lilitupunguzia mitaa mingi, na wala halikuwa wazo jipya. Mpango kabambe wa makao makuu wa mwaka 1976, uliotayarishwa na wataalamu kutoka Kanada, uliifikiria Dodoma kuwa mji wa makazi ambamo watu wangeenda kwa miguu, kwa baiskeli na kwa basi, wakiwa na huduma zao karibu. Si kila kilichochorwa kilijengwa, lakini katika mitaa iliyopimwa zamani unaona viwanja vilivyoachwa kwa ajili ya shule na masoko, jambo ambalo mitaa mingi iliyoota baada ya mwaka 2016 haina.

Namna ya kuipima shule ndiyo ninayoulizwa mara nyingi na wenzangu wanaohamia sasa. Wengi huuliza kwanza kuhusu nafasi ya shule kimkoa. Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora tangu matokeo ya kidato cha nne yaliyotolewa Januari 2023, nami nadhani lilifanya vyema, kwa sababu orodha zile zilitufanya tuamini kuwa shule nzuri ni ile inayochuja watoto. Matokeo ya kila shule bado yako wazi kwenye tovuti ya Baraza. Ushauri wangu ni kuyasoma ya miaka mitatu na si ya mwaka mmoja, na kutazama idadi ya watahiniwa kabla ya kutazama wastani, kwa kuwa shule yenye watahiniwa ishirini wote wakiwa na daraja A, na shule yenye watahiniwa mia na hamsini walio wengi wakiwa na B, hazifanyi kazi moja.

Baada ya hapo nenda shuleni mwenyewe, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja cha darasa la shule ya msingi, na tundu moja la choo kwa wasichana 20 au wavulana 25. Kiwango hicho usitegemee kukikuta katika shule nyingi za mjini, ila kinakupa kipimo cha kujua umbali uliopo. Katika shule moja tuliyoitembelea nilikuta watoto wanne katika dawati la wawili, na mwalimu mkuu alituambia bila kuficha kuwa wengine husomea chini ya mti kwa zamu. Katika nyingine, ambayo matokeo yake yalikuwa chini kidogo ya shule tuliyokuwa tumeisikia ikisifiwa, tulikuta daftari zimesahihishwa hadi ukurasa wa jana. Tuliichagua hiyo ya daftari. Mke wangu, ambaye ni mkali kuliko mimi katika mambo haya, alikuwa ameomba kuona vyoo vya wasichana kabla hata ya kukaa kwenye kiti.

Kuhusu majirani wa kila namna, Dodoma hakuna haja ya kutafuta mchanganyiko wa makabila, maana kila mtaa unao. Mchanganyiko unaokosekana ni wa kipato, na wa wageni na wenyeji. Watumishi tulio wengi tumejikusanya wenyewe kwa wenyewe, tukamjua Mgogo kama kibarua wa kufyeka kiwanja au mama anayepita na mlenda kichwani. Mtaa wa Ipagala tuliohamia una nyumba ya mhandisi iliyopakana na nyumba ya vyumba vya kupangisha yenye wapangaji sita wanaotumia uani mmoja, na mbele yake kuna genge, fundi cherehani na bodaboda wanaomjua kila mtoto ni wa nani. Adhana na kengele ya kanisa tunazisikia zote mbili. Kabla ya kulipa kodi nilimwendea mwenyekiti wa mtaa na kumwuliza jambo moja tu: msiba wa mwisho ulipotokea hapa, nani walichanga na nani walilala matanga? Alinijibu kwa kuwataja wapangaji na wenye nyumba pamoja, nikajua tumefika. Mwanangu wa pili aliwahi kujifunza kuitikia salamu ya Kigogo ya mbukwa kabla hajaijua njia ya kwenda sokoni.

Sitawaficha kuwa tulipoteza baadhi ya mambo. Nyumba ni ndogo, maji huja kwa mgao na bila simtanki utateseka, na muziki wa sherehe za Jumamosi hauulizi kama una mtoto mchanga. Watoto walitoka katika mchepuo wa Kiingereza wakaingia katika shule ya Serikali inayofundisha kwa Kiswahili, na mkubwa alilalamika muhula mzima. Ada tuliyoacha kulipa ndiyo iliyomlipia mwalimu wa Kiingereza anayekuja jioni mara mbili kwa wiki, akiwafundisha wetu pamoja na watoto wawili wa fundi cherehani.

Kwa anayejiandaa kuhama, usimhamishe mtoto katikati ya mwaka akiwa darasa la nne au la saba, kwa sababu madarasa hayo yana mitihani ya Taifa na usajili wake hufungwa mapema. Hakikisha pia unaondoka na namba yake ya PReM, yaani namba ya utambulisho wa mwanafunzi, maana uhamisho hauendi bila hiyo. Jambo la pili husahaulika zaidi. Wanaofaulu darasa la saba na kupangiwa sekondari ya kutwa kwa kawaida hupelekwa iliyo karibu na shule yao ya msingi, kwa hiyo unapochagua ya msingi umeshachagua, kwa sehemu kubwa, na ya sekondari. Binti yetu wa mwisho yuko darasa la tano. Shule ya kata itakayompokea nimeshaitembelea mara mbili. Walimu wa hisabati wapo, maabara ya kemia ina meza na haina bomba la maji, na katika kikao kijacho cha wazazi bomba hilo nimeomba liwe ajenda ya kwanza.