Upanga wa Kihindi wenye maua ya dhahabu: weusi ule si uchafu

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Marehemu babu ametuachia upanga wa Kihindi uliopinda. Mpini wote ni wa chuma na juu yake una kisahani. Umenakshiwa maua ya dhahabu juu ya chuma cheusi, ila dhahabu imebanduka hapa na pale. Bapa lina mawimbi kama ya maji na madoa ya kutu, na mpini unacheza. Fundi mmoja anataka ausugue kwa stilwaya na limau, halafu aupake rangi ya dhahabu upya. Tumpe? Na tutajuaje kama dhahabu ni ya kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, msimpe. Weusi ulio nyuma ya hayo maua ni nusu ya nakshi yenyewe. Stilwaya na limau vitauondoa kwa dakika chache, na hautarudi.

Kwa maelezo yako huo ni upanga wa talwar, na mpini unaelekea kuwa wa kazi iitwayo koftgari. Fundi wa Kihindi alichanja uso wa chuma kwa kisu kikali, mistari myembamba inayokatizana pande mbili au tatu, hadi chuma kikakwaruza kama tupa laini. Juu yake akalaza uzi mwembamba wa dhahabu akifuata mchoro wa maua, akaugonga taratibu ukashikwa na ile michanjo. Hakuna gundi wala risasi ya kuchomelea. Kisha chuma kilipashwa moto hadi kikageuka buluu iliyokolea au hudhurungi, na dhahabu ikang'arishwa kwa jiwe la akiki. Tindikali ya limau inakula hiyo rangi ya moto mara moja, na stilwaya inakwangua dhahabu ambayo ni nyembamba kuliko karatasi. Kitakachobaki ni chuma cheupe chenye mabaka, na rangi ya kopo haitaficha hilo.

Kuhusu dhahabu, tafuta lenzi ya sonara inayokuza mara 10 na taa inayomulika kutoka ubavuni. Angalia pale ilipobanduka. Ukiona michanjo inayokatizana, hiyo ni koftgari. Ukiona mfereji mtupu uliochimbwa, uzi ulizamishwa ndani ya chuma. Kazi hiyo huitwa tahnishan, ni ngumu zaidi, na kwa macho yangu ni nzuri zaidi. Chuma kikiwa laini bila michanjo, na dhahabu imelika kwenye vilele tu, yaelekea ilipakwa kwa zebaki na moto. Rangi ya kopo nayo hujaa kwenye pembe na hufanya viputo. Ukiishuku, chovya ncha ya kijiti chenye pamba kwenye asetoni na uguse mahali pamoja pa siri, chini ya kisahani. Rangi itatoka, dhahabu haitajali. Usimruhusu sonara aisugue kwenye jiwe lake la kupimia, kwa sababu kiasi anachohitaji kusugua ndicho kiasi chote kilichopo.

Dhahabu ya kweli haithibitishi umri. Baada ya maonyesho makubwa ya London ya 1851, mafundi wa Sialkot na Gujrat kule Punjab waliwafanyia wanunuzi wa Ulaya koftgari nyingi, na Udaipur kazi hii ingali inafanywa. Isitoshe, bapa la zamani lilivishwa mpini mpya mara nyingi. Pima kila kimoja peke yake.

Sasa bapa. Mawimbi yanaweza kuwa ya feleji ya wootz, iliyoyeyushwa ndani ya vyungu vidogo vilivyozibwa, hasa India ya Kusini na Sri Lanka. Ina kaboni nyingi, mara nyingi karibu asilimia 1.5, na mistari ile hufanywa na chembe ngumu za kabidi ya chuma zilizojipanga wakati wa kufuliwa. (Al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu, aliandika katika karne ya 12 kwamba chuma cha Sofala, pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, kilipelekwa India kufuliwa panga. Wahunzi wetu wanastahili kutajwa zaidi katika habari hizi.) Mistari ya wootz ni myembamba na haijirudii. Ikiwa mipana, na kwenye mgongo wa upanga unaona tabaka za vyuma viwili, basi ni vyuma vilivyokunjwa na kufuliwa pamoja. Ikikoma ghafla mgongoni, au ukiona mkwaruzo mwembamba tu umeifuta, huenda imechorwa kwa tindikali juu ya chuma cha kawaida. Vyovyote iwavyo, msasa utaifuta. Kuirudisha kunahitaji tindikali mkononi mwa mhifadhi wa vyuma, si nyumbani.

Kabla ya kusafisha, tazama karibu na mpini kama kuna maandishi ya nukta ndogo. Silaha za ghala la Bikaner, mji wa Rajasthan huko India, kwa mfano, zilitiwa alama za nukta kwa herufi za Devanagari, zile za kuandikia Kihindi, na zimefutwa nyingi na watu waliodhani ni mashimo ya kutu. Jina la Assadullah wa Isfahan, mhunzi mashuhuri wa panga wa Uajemi, lisikupumbaze: limeandikwa kwenye mapanga ya zama tofauti, mengine ya India.

Vaa glavu, jasho lina chumvi. Futa bapa kwa kitambaa cheupe kikavu. Kutu inayoacha unga mwekundu bado inakula. Iliyo nyeusi na ngumu iache. Kwenye ile nyekundu tia tone la mafuta ya cherehani, acha saa 24, kisha kwangua kwa kijiti cha mwanzi, na pakishindikana kwa ukingo wa kipande cha pembe ya ng'ombe. Rudia badala ya kukaza mkono. Futa mafuta kwa asetoni, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali.

Kwenye mpini tumia kwanza brashi laini kavu, kisha pamba yenye asetoni kidogo, ukiiviringisha bila kusugua. Kutu huvimba kuliko chuma kilichoizaa, hivyo chini ya dhahabu huisukuma juu hadi ibanduke. Pamba ikitoka na chembe zinazometa, simama hapo hapo. Mwisho paka nta ya kuhifadhia vyuma, nyembamba sana, subiri dakika 10, futa kwa kitambaa laini.

Mpini unacheza kwa sababu ndani umejazwa lakiri iliyochanganywa na vumbi la matofali, na lakiri hiyo imepasuka. Usitie gundi ya epoksi, haitatoka tena. Pasha mpini kwa drayeri ya nywele polepole hadi lakiri ilainike, karibu nyuzi 75. Ushike kwa kitambaa, unyooshe, uushikilie hadi upoe. Usitumie moto wa wazi, utaharibu rangi ya chuma. Asetoni na spiriti zisiingie kwenye kiungo, huidhoofisha lakiri.

Usiuweke ndani ya ala: ngozi na mbao hushika unyevu, na hewa ya Tanga ina chumvi ya bahari. Uviringe kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila sabuni ya manukato, uweke ndani ya sanduku la plastiki linaloziba vizuri, pamoja na kipimo cha unyevu na silika jeli (punje zinazofyonza unyevu), kilo 1 kwa sanduku la lita 50. Kipimo cha unyevu kikipanda juu ya asilimia 50, kausha jeli kwenye oveni nyuzi 110 kwa saa kadhaa, iache ipoe ndani ya chombo kilichofungwa, kisha uirudishe.