Maumivu ya Muundi: Kiganja au Kidole Kimoja?

Nilipojiandikisha kwa mbio za kilomita 21, niliongeza mazoezi yangu kutoka kilomita 15 hadi 40 kwa wiki katika muda wa wiki tatu tu. Kila Jumamosi nilipanda kutoka mjini Nakuru hadi ukingoni mwa kasoko ya Menengai, uliofikia kimo cha mita 2,278, kisha nikateremka kwenye lami kwa kishindo, nikiwa nimevaa viatu vya mitumba vilivyopendeza macho ilhali soli zake zilikuwa zimekwisha kufa. Kupanda kulinitoa jasho tu. Kuteremka ndiko kulikoniumiza.

Mwanzoni muundi wa kulia uliuma ukingoni kwa ndani, eneo la upana wa kiganja hivi, na maumivu yakapungua mwili ulipopata joto. Hali hiyo huwapata wakimbiaji wengi, kwa sababu mfupa huhitaji muda mrefu kuliko mapafu ili kuzoea mzigo mpya. Ningalipunguza kilomita wakati huo, pengine ingetosha. Sikupunguza. Baada ya majuma mawili nilijikuta nikitanguliza mguu wa kushoto kila niliposhuka matatu, na usiku muundi ulinipwita hata nikiwa nimelala chali.

Zahanati ya kwanza niliyokwenda ilinipiga eksrei, ikasema mfupa ni mzima, nikapewa dawa ya kuchua na ruhusa ya kuendelea. Sikujua kwamba ufa mwembamba unaotokana na kuchoka kwa mfupa huweza kukosa kuonekana kwenye eksrei katika wiki mbili tatu za mwanzo.

Mama mmoja mtaalamu wa viungo ndiye aliyeniokoa. Hakushika mguu wangu kwanza, bali aliniambia, "Kijana, nionyeshe panapouma." Nikaweka ncha ya kidole mahali pamoja, padogo kama sarafu. Akaniomba niruke kwa mguu huo mmoja. Nilijaribu mara moja, nikashika meza. Alinieleza kwamba anayepapasa muundi kwa kiganja kizima kwa kawaida huhitaji kupumzika, lakini anayeonyesha kwa kidole kimoja anahitaji kuchunguzwa. Kipimo cha MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, kilithibitisha ufa, nami nikakaa wiki nane bila kukimbia.

Kwa hiyo, maumivu yakikaa mahali pamoja, yakiuma usiku au unapotembea tu, acha kukimbia na umwone daktari, hasa yakiwa upande wa mbele wa mfupa, ambako ufa hupona polepole na huweza kugeuka mvunjiko kamili. Mwanamke anayekimbia na ambaye hedhi yake imekatika asingoje hata kidogo, kwani huenda mwili haupati chakula cha kutosha kuujenga mfupa. Shavu la mguu mmoja likivimba na kupata joto, huenda ni damu iliyoganda. Hapo, na pia mguu ukikaza sana ghafla, ukafa ganzi na wayo ukakataa kuinuka, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Siku hizi nakimbia zaidi kwenye murram, yaani barabara isiyo na lami, na mteremko wa Menengai nautembea. Jumapili jioni hupitisha kidole gumba kwenye muundi wote, kutoka kifundo hadi gotini, nikibonyeza polepole. Wiki iliyopita palikuwa na sehemu iliyonifanya nivute pumzi, nikaghairi mazoezi ya Jumatatu.